Mashine Iliyosubiri Marahaba

Eufrazia alipokuamkia, mikono yake ilitulia kwanza. Aliweka msasa chini, akapangusa vumbi jeusi la mpingo kwenye khanga, akainamisha kichwa kidogo, ndipo akasema, "Shikamoo, Babu Faraji." Kisha akanyamaza. Hakuongeza neno mpaka umjibu. Siku moja alinikuta nimejaza mhogo mdomoni, nikamwonyesha kwa kidole kwamba nimesikia. Akabaki amesimama vilevile, magari ya Barabara ya Kilwa yanapita nyuma yake, na mie natafuna mbiombio kama mtoto aliyefumaniwa jikoni. Nilipomeza na kusema marahaba, uso wake ukafunguka, akaniuliza hali ya magoti yangu.

Hivyo ndivyo alivyolelewa na baba yake, Mzee Albano, Mmakonde wa Newala aliyekuja Mtoni kijana mwenye patasi zake, akajenga banda la kuchonga vinyago ubavuni mwa nyumba yangu. Mzee huyo aliwafunza wanawe kwamba ukimwamkia mtu, halafu ukaendelea na maneno yako kabla hajaitikia, umemruka kama gogo lililolala njiani.

Adabu hiyo imekwisha. Siku hizi kijana anakutupia shikamoo akiwa amekupa mgongo, simu ikiwa sikioni, na marahaba yako unabaki nayo mdomoni kama punje ya mchanga. Wengine hawatupi hata hiyo. Mie sikusomeshwa na mtu. Nilijifunza herufi kwenye magazeti yaliyofungiwa vitumbua, nikaendelea hivyohivyo mpaka nikasoma vitabu vizima. Wajukuu zangu wana shahada, na bado wananisalimu kwa kuinua kidevu. Kwa hiyo nikisema Eufrazia alikuwa mtu wa mwisho Mtoni aliyejua kusubiri marahaba, sisemi kwa kumpamba.

Kazi yake ilikuwa kulainisha. Baba alichonga, binti akasugua kwa msasa mpaka mti ukang'aa kama ngozi ya mtu aliyetoka kuoga. Msuguano wa msasa na mpingo ulinilaza kila mchana. Nilijilaza kibarazani nikisikia fsh, fsh, fsh, na katika usingizi ule mwepesi niliviona vinyago vinashuka kutoka rafu zao, vizee vyenye mashavu yaliyobonyea na wanawake waliobeba mitungi, vinapita mbele yangu kimoja kimoja na kuniamkia.

Kisha kikaja kikohozi. Kilianza kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema, halafu kikawa hakisafishi kitu. Daktari alimsikiliza kifua, akamwambia wazi kwamba vumbi la mpingo ndilo linalomkaba, na akiendelea nalo pumzi itazidi kufupika mpaka siku moja haitamtosha hata kupanda ngazi. Aache msasa. Aende wapi, daktari hakusema. Eufrazia alikuwa amevuka miaka thelathini, na tangu utotoni hakujua kazi nyingine.

Mama mmoja wa jumuiya yao ya kanisani ndiye aliyemwambia kuhusu darasa la Jumamosi katika ukumbi wa parokia. Kijana mmoja wa Bukoba, anaitwa Gozbert, alikuwa akiwafundisha watu wazima kuandika programu za kompyuta, na hakutoza mtu mlangoni. Eufrazia akaenda. Na mie nikaenda, maana ukumbi ule una feni kubwa tatu na sikuwahi kuona elimu inapita mtaani kwetu nikaacha kuichungulia. Nilikaa nyuma kabisa. Nilienda kwa nia mbaya, niseme kweli. Nilitaka kuona hicho kilichoua mazungumzo ya watu kinafananaje kwa ndani.

Mapazia ya ukumbi yalikuwa ya kijani. Jua la alasiri likipenya, watu wote walionekana kama wamekaa chini ya maji. Feni zilikoroga joto taratibu. Gozbert alitembea katikati ya meza akizungumza kwa sauti ya chini, na maneno yake yakanifikia huku nyuma yakiwa yamelainika, kama yametoka chumba cha pili.

"Kigeu ni chombo," alisema. "Mna ndoo nyumbani. Nje umeandika jina, ndani leo kuna maji, kesho kuna mchele. Jina ni lilelile, kilichomo kinabadilika."

"Sie kwetu ndoo ya maji haitiwi mchele, mwalimu," akasema Marijani, fundi simu kutoka mtaa wa Kwa Azizi Ally, kijana mwepesi wa ulimi. "Mama anakuchapa nayo."

Wakacheka. Gozbert akasubiri wamalize, akaingia kwenye sharti: kama mvua inanyesha, chukua mwavuli, la sivyo, uache. Halafu akafika kwenye kitanzi. Kitanzi, alisema, ni kuiambia mashine irudie jambo lilelile tena na tena mpaka utakapoiambia iache.

Eufrazia akainua mkono. "Kama kupiga msasa."

"Kama kupiga msasa," Gozbert akakubali. "Sasa dada, unapopiga msasa, unajuaje kwamba inatosha?"

"Kidole kinaniambia."

"Mashine haina kidole. Lazima uiambie kwa maneno ni lini inatosha. Usipoiambia itasugua mpaka kinyago kiishe."

Nilimwona Eufrazia akitazama ncha ya kidole chake cha shahada, kilichokuwa cheusi hata baada ya kunawa, kama vile ni mara ya kwanza kujua kwamba kilikuwa kikisema.

Nilifikiri ataacha baada ya Jumamosi chache. Hakuacha. Parokia ilimwazima laptopu kuukuu yenye kibao kilichokosa herufi mbili tatu, akawa anaiweka juu ya gogo la mpingo pale bandani, mbali na vumbi la baba yake, na kuandika polepole. Mzee Albano alichonga huku akimtazama kwa pembe ya jicho. Msasa aliushika mwenyewe sasa, na mikono yake inayotetemeka iliacha mikwaruzo ambayo Eufrazia aliiona na kujifanya hakuiona.

Siku moja Gozbert akaja na habari. Hospitali moja binafsi kule Tegeta ilitaka kuweka skrini mlangoni, imkaribishe mgonjwa na kumwonyesha chumba cha kwenda. Msimamizi wa mapokezi angekuja kutazama kazi zao. Ambaye salamu yake ingependeza angechukuliwa, afundishwe zaidi na apewe kazi hapohapo hospitali, ndani, kwenye hewa safi. Alisema hayo kwa wote, lakini niliona kila kichwa kinamgeukia Eufrazia, aliyekuwa ameziba mdomo kwa khanga akikohoa. Kwa Marijani ilikuwa nafasi nzuri. Kwa Eufrazia ilikuwa hiyo, au kurudi kwenye msasa.

Darasa likaanza kubishana kuhusu salamu. Wengi walitaka mashine imuulize mtu umri wake kwanza: kama amezidi makamo, iseme shikamoo, la sivyo, iseme mambo.

"Makamo ndiyo mangapi?" akauliza mama mmoja. "Ukimwambia mwanamke mambo atanuna, ukimwambia shikamoo atanuna zaidi."

"Mie siulizi umri wa mtu," akasema Eufrazia.

"Sasa itajuaje nani mkubwa?" Marijani akamuuliza.

"Mashine imezaliwa juzi. Kila anayekuja ni mkubwa wake. Iamkie wote."

"Hata mtoto wa chekechea?"

"Amekula chumvi nyingi kuliko hiyo laptopu."

Nilijua mle ndani alikuwa amesema jambo ambalo baba yake angelisema, ila baba yake asingeligusa lile dude. Marijani akatikisa kichwa. "Haya, sista. Mie yangu inasema mambo vipi, bonyeza hapa, nenda kule. Mgonjwa hajakaa sawa ameshafika kwa daktari."

Eufrazia akaandika yake. Alinionyesha bandani, akinielezea kila mstari kwa upole kana kwamba ndiye mwenye makosa kwa kuwa sielewi. Mashine itaandika shikamoo. Kisha itasubiri. Mtu akiandika marahaba, itaendelea: karibu, pole kwa safari, nini kinakusumbua. Asipoandika, itaendelea kusubiri.

"Itasubiri mpaka lini?" nikamuuliza.

"Mpaka ajibiwe, babu. Ataanzaje kusema na mtu ambaye hajamwitikia?"

Usiku ule sikumbuki niliota nini, lakini niliamka nimetulia, na kutulia si tabia yangu.

Siku ya kuonyesha kazi, Mzee Albano alikuja amevaa koti lake la harusi, lenye harufu ya dawa ya kufukuza nondo na ya mpingo. Akakaa pembeni yangu. Msimamizi wa hospitali alikuwa Bi Zubeda, mama wa pwani mwenye buibui jepesi na miwani ya mnyororo, aliyewahi kuwa muuguzi miaka mingi. Kila mwanafunzi aliletwa mbele, kazi yake ikamulikwa kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, na Bi Zubeda akakaa mbele ya kibao cha herufi kujifanya mgonjwa. Ya Marijani ilikwenda kama maji. Watu wakapiga makofi.

Ikafika zamu ya Eufrazia. Kwenye shuka kukatokea neno moja: Shikamoo. Chini yake kistari kikawa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kama mtu anayepepesa macho.

Bi Zubeda akatabasamu. Nilimwona ameguswa. Akaandika: marahaba.

Neno likafutika. Kistari kikarudi kupepesa. Shikamoo ikabaki palepale.

"Nimekosea?" Akaandika tena. Likafutika tena. Gozbert akasogea, akamwambia ajaribu kwa herufi kubwa mwanzoni. Akajaribu. Mashine ikasubiri. Kuna ukimya fulani wa alasiri ambamo vumbi linaonekana likielea kwenye mwanga, na katika ukimya huo lile shuka kubwa lenye neno moja lilikuwa kama mtoto aliyepiga magoti mbele ya watu wazima walioshindwa kumwinua.

"Imenuna," akasema Marijani. "Sista, mashine yako imenuna."

Watu wakaangua kicheko. Eufrazia alisimama kando ya shuka, mkono mmoja kifuani. Akataka kusema kitu, kikohozi kikamtangulia. Akakohoa kwa muda, na kicheko kikafa chenyewe, kikaacha aibu.

Mzee Albano akainuka. "Nipisheni," akasema. "Hiyo inanisubili mie."

"Baba, kaa," Eufrazia akanong'ona.

"Nikae vipi na nimeamkiwa?" Akapita katikati ya meza, Bi Zubeda akampisha kiti. Mzee akainama juu ya kibao, akawa anatafuta herufi kwa kidole kimoja kinene, akizitamka kila akizipata, kama anayehesabu watoto wake gizani. "Ma. La. Ha. Ba." Akauliza, "Halafu?" Gozbert akambonyezea.

Shuka likabadilika. *Karibu. Pole kwa safari. Nini kinakusumbua?*

"Vumbi," akasema Mzee Albano kwa sauti, akiijibu.

Hakuna aliyecheka. Gozbert akafungua maandishi ya programu, akayaonyesha ukutani, na hapo wote tukaona. Eufrazia alikuwa ameiambia mashine isubiri neno *malahaba*. Si kwamba hakujua kuandika. Neno *karibu* aliliandika sawasawa, maana limeandikwa kwenye kila mlango wa duka kuanzia Mtoni mpaka Mbagala. Lakini marahaba nani amewahi kuiona imeandikwa? Hilo ni neno la kusikia, na Eufrazia alilipokea utotoni kwa mtu mmoja, kabla ya kulisikia kwetu sisi wengine, na mtu huyo kwa lugha ya kwao hana r.

"Malahaba," akasema Marijani, safari hii bila kejeli kubwa. "Nyie Wamakonde mtatumaliza."

"Kwani we unasemaje?" Mzee Albano akamgeukia.

"Marahaba, mzee."

"Si ndivyo nilivyosema? Malahaba."

Hapo ukumbi mzima ukacheka, na mzee mwenyewe akacheka akionyesha meno yake yaliyochongwa kwa mila ya zamani. Gozbert akamfundisha Eufrazia neno dogo, *au*. Marahaba au malahaba. Mashine ikubali lolote kati ya hayo. Akaliandika palepale mbele ya watu, akajaribu yote mawili, yakapita.

Lakini Bi Zubeda hakuwa amecheka sana. Alivua miwani, akaiacha ining'inie. "Njoo hapa, mwanangu. Salamu yako nimeipenda. Ndiyo peke yake iliyofanana na mtu. Ila mie nimekaa mapokezi. Kuna mama ataingia pale amebeba mtoto anayehema, mikono yake yote imejaa. Mashine imesimama inadai marahaba. Nitamwambia nini?"

Eufrazia akaligeukia lile shuka.

"Itoe hiyo kusubiri," Bi Zubeda akaendelea. "Iseme shikamoo, ipite. Ukikubali, nafasi ni yako. Usipokubali, nitachukua ya huyu kijana mwenye haraka. Sikulazimishi."

Nilitaka asimame akatae. Nilikuwa nimekaa mwisho wa ukumbi, sina kikohozi, sina kazi ya kupoteza, na ilikuwa rahisi kwangu kutaka hivyo. Niliwaza: hii ndiyo namna kila kitu kilivyokwisha. Hakuna aliyevunja kitu. Kila mara alikuja mtu mwenye sababu nzuri akasema tusisubiri.

Eufrazia alimtazama baba yake. Mzee alikuwa ametazama sakafu. Hakuinua uso, na nadhani alifanya hivyo makusudi, ili asimpe jibu.

"Mwalimu," Eufrazia akamwambia Gozbert, "kitanzi lazima kisubiri jambo moja tu?"

"Hapana. Unaweza kukipa njia mbili za kutokea. Jibu lije, au muda upite. Chochote kitakachotangulia."

"*Au* ileile?"

"*Au* ileile."

Akamgeukia Bi Zubeda. "Basi naomba, mama, nisiitoe. Niipe pumzi moja. Isubiri pumzi moja tu, halafu ipite. Mwenye nafasi ataitikia. Mwenye mtoto mkononi, ipite naye."

"Pumzi ya nani?" akauliza Bi Zubeda. "Maana pumzi zinatofautiana."

"Yangu. Yangu siku hizi ni fupi."

Bi Zubeda akavaa miwani tena. Akamtazama kwa muda, kifua kile chembamba chini ya khanga, vidole vile vyeusi. "Pumzi fupi naivumilia," akasema.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Adabu ya pumzi moja, nikawaambia watu kibarazani, ndiyo tuliyobakishiwa. Mzee Albano alinisikia akiwa bandani, akaendelea kuchonga. Eufrazia akahamia Tegeta wiki iliyofuata. Mtoto mwingine wa mzee akamletea baba yake kompyuta ya mitumba, na Gozbert akamwekea ndani ile programu ya kwanza kabisa, isiyo na njia ya pili, inayosubiri mpaka ijibiwe. Kila asubuhi, kabla ya kushika patasi, mzee huifungua. Husoma shikamoo, halafu hana haraka. Hupanga vyombo vyake, hunywa chai, hutazama barabara. Nami nikiwa kibarazani naona kile kistari kinapepesa kule ndani kwenye kiza cha banda, kinamngoja, na usingizi unanijia uleule wa zamani, japo fsh, fsh haipo tena. Baadaye huketi na kuliandika neno lake herufi kwa herufi.

Mvua za vuli zilipoanza, macho yangu yalizidi ukungu, mjukuu akanipeleka Tegeta. Skrini ilikuwa mlangoni, ndefu kunishinda. Mbele yangu kulikuwa na mama na binti yake mdogo, mwenye nywele za mabutu na soksi moja iliyoshuka. Mama alikuwa anahangaika na kadi kwenye mkoba. Mashine ikasema, maana hospitali iliitia sauti, na sauti ilikuwa ya Eufrazia, safi, bila kikohozi ndani yake:

"Shikamoo."

Kisha ikanyamaza. Mtoto akageuka nyuma, akatazama anayeamkiwa. Akaniona mimi, akaona naangalia dari. Akarudi kuitazama skrini, akajinyoosha, na taratibu sana, kama mtu anayevaa nguo ya mama yake, akasema:

"Malahaba."

"Karibu," ikasema mashine. "Pole kwa safari."

Najua haikumsikia. Gozbert alikwishanieleza, mashine ya mlangoni haina masikio, inajua kubonyezwa tu. Ilikuwa ni pumzi tu imekwisha. Mtoto hakujua hivyo. Alimshika mama yake mkono, akamwambia imemwamkia, na yeye ameitikia, nayo ikamkaribisha. Mama akasema haya, twende.

Nikasogea mimi. Mjukuu wangu akanyoosha kidole abonyeze haraka tupite. Nikamshika mkono, nikamwambia angoje.